Tiketi ya Umra na Kadi Saba za Mpwa Wangu

Mwezi wa Rajabu uliopita dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Tanga kwa sauti niliyokuwa sijaizoea. Mwanawe, ambaye huu ni mwaka wa kumi na moja tangu ahamie Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, alikuwa amemwambia ajiandae kwa safari ya Umra: tiketi za ndege zipo, yake na ya mama, wala hazikumgharimu kitu. Mama mwingine angeshukuru na kuanza kuwaaga majirani. Dada aliuliza neno moja tu: "Kama hukuzilipa wewe, kazilipa nani?" Kijana akacheka, akaingia katika maelezo ya kadi na pointi, mama hakufahamu hata nusu yake, na ndipo simu ikafika kwangu. "Wewe ndiwe unayeandika mambo ya matumizi gazetini," akaniambia. "Muulize mpwa wako, kisha uje unieleze kwa Kiswahili."

Nimemuuliza. Imenichukua simu tatu ndefu, maana jioni ya kwao ni usiku wa manane kwetu, na safu ya juma hili naiandika kwa ajili ya dada na kwa ajili ya kila mzazi mwenye mtoto ughaibuni aliyewahi kuambiwa kwamba kuna tiketi ya bure.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo kwetu huitwa kwa jina moja. Kadi iliyomo katika pochi ya wengi wetu, ile ya kuchukulia fedha kwenye mashine ya ATM, hutoa fedha zako mwenyewe. Ukiwa huna kitu katika akaunti, mashine hukukatalia. Kadi ya mkopo ni jambo jingine. Benki humlipa mwenye duka kwa niaba yako, kisha mwisho wa mwezi hukuletea taarifa ya deni. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyowekwa, hulipi ziada yoyote juu ya ulichonunua. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inataka taarifa hiyo itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Ukilipa sehemu tu, au ukichelewa, riba inaanza. Wala si riba ndogo: tangu mwaka 2023 wastani wake katika nchi ile umekuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka.

Kadi za namna hii si za jana. Ile iliyokuja kuitwa Visa ilianzia katika mji wa Fresno, California, mwaka 1958. Mashirika ya ndege yalikuja baadaye na maili zao. American Airlines ilianzisha mpango wake tarehe 1 Mei 1981, kumtuza msafiri wa mara kwa mara kwa safari alizokwisha kusafiri. Kisha benki zikaona mlango. Zikanunua maili kutoka mashirika ya ndege na kuwagawia wateja wa kadi, na tangu hapo mtu akaweza kujikusanyia maili za kuvuka bahari bila kupanda ndege hata mara moja, kwa kununua unga, mafuta ya gari na nepi za mtoto.

Mpwa wangu anazo kadi saba. Nilipomuuliza za nini zote hizo, alinipigia hesabu ambayo, nakiri, ina akili. Kadi ya kawaida hutoa pointi moja kwa kila dola. Yeye na mkewe hutumia kama dola 2,000 kwa mwezi katika mambo ya kulipia kwa kadi. Kwa mwendo huo pointi 60,000 zitamchukua miezi 30. Lakini benki, ili impate mteja mpya, humwahidi pointi hizo 60,000 kwa mkupuo akitumia, tuseme, dola 4,000 ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Basi kwa nini angoje miezi 30? Huchukua kadi, akatimiza kiasi, akapokea bonasi, akahamia nyingine. Benki nazo si wajinga. American Express kwa kawaida humpa mtu bonasi ya kadi moja mara moja tu maishani, na ziko nyingine ambazo humkatalia mwombaji aliyefungua kadi nyingi katika miaka miwili ya karibuni. Kwa hiyo mchezo huu una kalenda yake, na mpwa wangu anaendesha daftari: kadi gani ilifunguliwa lini, bonasi yake inataka kiasi gani kabla ya siku gani, deni hulipwa tarehe ngapi, ada ya mwaka huanguka mwezi upi.

Kwa njia hiyo amekusanya zaidi ya pointi 150,000. Tena amejua pa kuzipeleka, na hapa ndipo wengi hushindwa. Pointi za benki zinaweza kuhamishwa kwenda shirika la ndege, na mashirika yana miungano. Ethiopian Airlines iliingia katika muungano wa Star Alliance mwaka 2011, ambamo United ya Marekani ilikuwa miongoni mwa waasisi. Basi mwenye maili za United aweza kukata tiketi ya Ethiopian, akapitia Addis Ababa na kushuka Dar es Salaam, au akatoka Dar es Salaam kwenda Jeddah. Qatar Airways nayo tangu mwaka 2022 hutumia sarafu ya maili iitwayo Avios, ileile ya British Airways. Nayo tiketi ya pointi si bure kabisa. Kodi na tozo za uwanja hulipwa kwa fedha taslimu, na baadhi ya mashirika huongeza humo tozo ya mafuta ambayo peke yake hutisha.

Hadi hapo nilikuwa nimeanza kumwonea fahari. Ndipo nikamuuliza kama amewahi kuteleza, akanyamaza kidogo, kisha akanieleza habari ya mwaka juzi.

Alifiwa na baba yake mkubwa huko Pangani. Akapanda ndege usiku uleule, akazika, akakaa siku kumi na tano na wazee, mara mtandao upo, mara haupo. Katika kadi zake sita aliziamuru benki zijikatie deni lote zenyewe kila tarehe ikifika. Ya saba ilikuwa mpya, hajaipanga. Aliporudi Columbus tarehe ilikwisha kupita. Deni lilikuwa dola 1,850. Akakuta ameongezewa riba ya dola 41 na ada ya kuchelewa ya dola 30. Alipopiga simu wakamfutia ada, riba ikabaki. Zaidi ya hapo, manunuzi mapya katika kadi ile yakaanza kuhesabiwa riba tangu siku ya kununua, kwa kuwa ule muda usiotozwa riba hupotea mtu akiacha deni likavuka tarehe. Pointi alizopata kwa zile dola 1,850, ukizithamini kwa senti moja kila pointi kama wengi wanavyofanya, ni za dola 18 na nusu. "Hasara ya fedha ilikuwa ndogo, mjomba," aliniambia. "Lililonikosesha usingizi ni kwamba nimelipa riba, tena kwa uzembe, nikitoka kuzika."

Sasa tuliingie lile ambalo dada yangu alilihisi bila kulijua jina. Mimi si mufti, na safu hii haitoi fatwa. Ila ni haki ya msomaji kuelezwa kwamba jambo hili limekwisha kuangaliwa na wenye elimu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilipokutana Riyadh mwaka 2000 lilitoa azimio lake namba 108 kuhusu kadi zisizo na fedha za mwenyewe nyuma yake. Lilisema haijuzu kutoa kadi hiyo wala kuitumia ikiwa katika masharti yake mna riba, hata kama mwenye kadi ameazimia kulipa kabla riba haijaanza. Likaruhusu kadi isiyo na sharti hilo, na likaona hapana ubaya benki kupata ujira wa kutoa kadi na kamisheni kutoka kwa mwenye duka. Wapo wanavyuoni wengine, hasa wale wanaowajibu Waislamu waishio nchi za Magharibi, waliolegeza kwa mwenye haja na mwenye yakini ya kulipa kwa wakati. Imamu wa msikiti anaoswali mpwa wangu yu katika kundi hili la pili. Alimruhusu kadi moja kwa haja, kwani katika nchi ile kukodi gari au kujijengea historia ya ukopaji bila kadi ni taabu. Nilimuuliza kijana kama imamu alijua habari ya kadi saba. Akasema hakumuuliza hivyo. Nikamwambia basi akamuulize hivyo.

Maana neno "haja" lina mipaka. Haja ya kadi moja naielewa. Haja ya kadi ya saba siioni, nami nadhani hata yeye haioni, isipokuwa kama bonasi nayo ni haja. Na lile sharti la "yakini ya kulipa" ndilo lililovunjika Pangani, kwa mtu mwangalifu, mwenye daftari, asiye na upungufu wa fedha. Kila kadi inayoongezeka ni tarehe moja zaidi ya kusahau.

Lakini swali la dada lilikuwa jingine: nani kalipa? Jibu lake nililitafuta kwa muda, nami nalieleza hapa kwa kuwa sijaona likielezwa katika kurasa zetu. Mteja anapolipa kwa kadi, mwenye duka hapokei dola zote mia. Hukatwa, nchini Marekani, kiasi cha dola moja na nusu hadi tatu na nusu kwa kila mia, na sehemu kubwa ya makato hayo huiendea benki iliyotoa kadi. Pointi hutoka humo, na hutoka pia katika ada na katika riba wanazolipa walioshindwa kumaliza madeni. Mwenye duka naye hajikalii akipata hasara. Hupandisha bei kidogo kwa wote. Hivyo anayenunua mkate kwa noti analipa bei iliyobeba makato ya kadi, naye hana pointi. Mwaka 2010 wachumi watatu wa Federal Reserve Bank ya Boston walikadiria kwamba kaya ya Kimarekani inayotumia fedha taslimu hutoa, kwa wastani, dola 149 kwa mwaka kuwapa wenye kadi, na kaya itumiayo kadi hupokea dola 1,133. Wanaotumia taslimu huko, kwa sehemu kubwa, ni wenye kipato cha chini. Ndiyo maana pia ndugu zetu walioko Uingereza na Ulaya hawaoni bonasi za namna hii: Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa ile sehemu ya makato ya kadi za mkopo inayoiendea benki ya mteja, na kisima kilipopungua, pointi zikapungua.

Nilipomsomea dada hayo yote, aliuliza: "Kwa hiyo mwenye shida ndiye anayempeleka mwenye nafasi Makka?" Nilimwambia si hivyo hasa, kwamba wako waliosema pointi ni zawadi ya benki kwa mteja wake, kwamba mpwa wangu hakumdhulumu mtu kwa mkono wake. Akasema, "Haya." Wanaomjua dada yangu wanajua "haya" yake ina maana gani.

Kwa vijana wetu walioko huko, ambao watasoma haya na bado watabaki na kadi, kwa kuwa imamu wao amewaruhusu au kwa kuwa wamekwisha kuingia, yapo machache niliyoyaokota katika daftari la mpwa wangu. Iamuru benki ijikatie deni lote, si kile kiasi cha chini wanachokipendekeza. Kiasi cha chini ndicho mlango wa riba, na ile sheria ya 2009 imelazimisha benki ziandike katika taarifa itachukua muda gani kumaliza deni kwa kukilipa hicho tu. Soma mstari huo mara moja, utatosha. Benki nyingi hukubali kubadili tarehe ya malipo ukiomba, basi kadi zote zilipwe siku moja, baada ya mshahara. Usichukue fedha taslimu kwa kadi ya mkopo hata ukiwa na dhiki. Humo riba huanza siku hiyohiyo. Ukija nyumbani likizo, tazama kama kadi yako hutoza asilimia 3 kwa manunuzi ya nje. Na usikimbilie kufunga kadi ya zamani kuliko zote bila kufikiri, kwa kuwa urefu wa historia unahesabiwa katika alama za ukopaji, ingawa kwa uzito mdogo kuliko kulipa kwa wakati, ambako peke yake ni asilimia 35 ya alama hizo.

Jambo la bonasi nalo lina hila yake. Mtu aliyezoea kutumia dola 6,000 kwa miezi mitatu akichukua kadi mbili kwa pamoja anatakiwa atumie 8,000. Zile 2,000 za ziada zitoke wapi? Mpwa wangu alinunua televisheni. Ile ya zamani, anasema, haikuwa na kasoro.

Na liko hili letu wenyewe, ambalo vitabu vya Wazungu hawaliandiki: "Nilipie kwa kadi yako, nitakurudishia." Jamaa anataka kukata tiketi, mwingine anataka simu, mwingine ada ya chuo. Mwenye kadi hufurahi, maana bonasi inakaribia kutimia na pointi ni zake. Kisha mwezi unakwisha, jamaa hajarudisha, na benki haimjui jamaa, inakujua wewe. Mpwa wangu anadai dola 900 hadi leo kwa mtu anayeswali naye safu moja. Kama ni lazima, fedha zije kwanza, kadi ipite baadaye, na iandikwe.

Neno la mwisho kuhusu daftari lenyewe. Nilimuuliza mkewe, ambaye tulizungumza naye kwa kitambo, kama anajua lilipo. Hajui. Anajua kadi mbili tu. Deni la kadi ni deni kama deni jingine. Mtu akifa hulipwa katika mali yake kabla warithi hawajagusa kitu, na mjane asiyejua kadi zilizopo hawezi hata kuanza. Pointi, kinyume chake, katika mashirika mengi ya ndege si mali ya mwanachama kwa mujibu wa masharti yao. Yaweza kuzifuta anapofariki, na hata akiwa hai yaweza kupandisha bei ya tiketi kwa pointi bila kumuuliza. Kwa hiyo mtu anaweza kuwaachia watoto madeni saba na maili zisizorithiwa. Nimemwomba mpwa wangu anakili ukurasa mmoja na kumkabidhi mkewe. Amefanya hivyo juma lililopita.

Dada hatakwenda Umra kwa tiketi ile. Alimpigia mwanawe mwenyewe, bila kupitia kwangu, akamwambia pointi hizo azitumie kuja nyumbani na wajukuu, maana mdogo hajamwona ila kwenye simu; na Umra atakwenda inshaallah kwa fedha za minazi yake, mwaka huu au ujao, na kama mwanawe anataka kumwongezea, amwongezee katika mshahara. Kijana amekubali. Tiketi za kupitia Addis Ababa zimekatwa kwa ajili ya likizo ya shule. Kadi nne ameshazifunga. Ya tano ada yake ya mwaka inaanguka mwezi ujao, naye amenitaka nimkumbushe.